Binti mwenye maumivu makali ya hedhi: usisahau figo

Binti ambaye hajaanza kujamiiana apimwe altrasaundi kupitia tumbo, si ukeni. Anywe maji kama lita 1, asubiri saa nzima bila kukojoa. Kibofu kikiwa kitupu, utumbo huficha mfuko wa uzazi.

Weka proba ya tumbo (kifaa cha altrasaundi kinachopitishwa juu ya ngozi) kwa upana, iteremshe polepole. Ukiona mifuko miwili ya uzazi, kila mmoja na utando wake wa ndani, na chini yake uvimbe wa majimaji ya kijivu yenye chembechembe, shuku damu ya hedhi iliyonaswa kwenye uke ulioziba upande mmoja. Wengi huudhania uvimbe wa ovari, kwa sababu hedhi bado inatoka upande wa pili!

Sasa pima figo zote mbili. Upande ulioziba, mara nyingi figo haipo. Uvimbe usitobolewe kwa sindano: bakteria huingia, usaha ukajaa.