Namna ya kuzirudia filamu za Sembène kwa kufuata karatasi

Kila masika, kikundi chetu cha wapenda sinema hurudia kazi za mwongozaji mmoja. Zamani tulizipanga kwa miaka, ya kwanza hadi ya mwisho, na ikifika ya tatu watu wamekwisha kuchoka. Siku hizi tunachagua kitu kimoja kinachojitokeza katika filamu zote, tunakiandama. Kwa Ousmane Sembène wa Senegal, kitu hicho ni karatasi: barua, vibali, mani oda (hati ya kutumiana pesa kwa posta), hundi.

Hatua ya 1: Andika unachokumbuka kabla ya kuangalia tena. Mistari mitano kwa kila filamu uliyowahi kuiona inatosha. Usiperuzi mtandaoni kwanza. Daftari langu la zamani linasema hivi kuhusu *La Noire de…*, filamu ya Diouana, msichana wa Senegal anayefanya kazi za ndani kwa Wafaransa: "Nzuri, ila sauti ya ndani ya Diouana inanikera. Msichana asiyejua kusoma anawazaje kwa Kifaransa fasaha namna hii?" Nitalirudia hilo.

Hatua ya 2: Chukua filamu nne tu. Mimi huchukua *Borom Sarret* (1963) ya dakika kama 20, *La Noire de…* (1966) ya kama saa moja, *Mandabi* (1968) ya saa moja na nusu, na *Xala* (1975) ya kama saa mbili. Tafuta nakala halali, na kama ipo iliyokarabatiwa, chukua hiyo, maana picha ikifubaa hata maandishi ya kwenye karatasi hayaonekani. *Mandabi* ilipigwa mara mbili, kwa Kiwolofu na kwa Kifaransa. Sisitiza upewe ya Kiwolofu. Ndiyo lugha ya mtaa wa Dakar inamotokea hadithi, na ucheshi wake umo humo.

Hatua ya 3: Tayarisha mtafsiri. Kama wenzako hawasomi haraka maandishi ya chini, fanya kama kwenye vibanda umiza: mtu mmoja akae karibu na skrini atafsiri kwa mdomo. Lakini awe ameiangalia filamu mara mbili, na ajue pa kunyamaza. Sembène ana sehemu ndefu ambamo mtu anatembea tu au anafua, na hapo mtafsiri akijaza maneno ameiharibu filamu.

Hatua ya 4: Gawa ukurasa safu mbili. Upande mmoja andika ni karatasi gani, upande wa pili nani anayeisoma au kuiandika. Usisimamishe filamu katikati.

Katika *Borom Sarret*, mwenye mkokoteni wa farasi anambeba baba mwenye maiti ya mtoto wake mchanga hadi makaburini. Getini wanazuiwa, karatasi hazijakamilika. Ni tukio fupi mno, ndiyo maana wengi tunalisahau na kumkumbuka tu polisi anayemnyang'anya mkokoteni baadaye.

*La Noire de…* ndiyo iliyonibadilisha. Diouana yuko Antibes, Ufaransa, kwa matajiri wake. Inafika barua ya mama yake, nayo imeandikwa na mtu mwingine. Bwana wa nyumba anaisoma kwa sauti, kisha anachukua kalamu aandike majibu kwa niaba ya Diouana. Diouana anaichana. Mara ya tatu kuliona tukio hilo ndipo nilipoifikiria upya ile sauti iliyonikera. Si sauti ya mwigizaji, Mbissine Thérèse Diop. Ni ya Toto Bissainthe, mwimbaji wa Haiti. Basi hata mawazo ya Diouana tunayasikia kwa kinywa cha mwingine, kama barua yake. Bado ninaamini Kiwolofu kingekuwa bora, na Sembène mwenyewe alikihamia miaka miwili baadaye. Lakini neno "inanikera" nimelifuta moyoni.

*Mandabi* ipe jioni nzima. Ibrahima Dieng, mwenye wake wawili na asiye na kazi, anapokea mani oda ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara Paris. Za Dieng mwenyewe ni 2,000 tu. 3,000 ni za mama wa kijana, na 20,000 ni za kuwekwa akiba. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Wakati huo majirani wamekwisha kusikia kuwa kuna pesa, na deni la duka linapanda. Kwetu watu walicheka nusu saa ya kwanza, wakawa wanamalizia wenyewe maneno ya makarani: "Njoo kesho." Baadaye hakucheka mtu. Safu yako ya pili hapa itajaa majina ya watu wengine, na jina la Dieng halitakuwemo.

Katika *Xala* tazama mikoba iliyojaa noti mwanzoni, kisha hundi ambayo El Hadji, mfanyabiashara aliyerogwa akapoteza nguvu za kiume, anampa mganga aliyemponya. Hundi inarudi benki haina pesa, na mganga anamrudishia maradhi yake.

Hatua ya 5: Rudi kwenye mistari yako mitano. Usiikate. Andika pembeni, kwa kalamu ya rangi nyingine, kilichobadilika na tukio lililokibadilisha. Ukishindwa kulitaja tukio, basi maoni yako hayajabadilika bado, na hiyo si aibu.

Hatua ya 6, mkiwa na jioni ya ziada. Angalieni *Guelwaar* (1992), ambamo maiti ya Mkatoliki inazikwa kwa makosa katika makaburi ya Waislamu. Ikiisha, msiwashe taa. Wekeni tena *Borom Sarret*, dakika zile 20, mkamwangalie yule baba pale getini.