Kutoka mageti hadi bomba la nyuzi 45: njia ya fundi wa kuchomelea Lubumbashi

Lubumbashi haikosi watu wanaojua kuunganisha chuma. Pita mitaa yetu ya Kenya, Katuba au Ruashi, utakuta ateliye za mageti na madirisha zimefuatana. Wanaotafutwa ni wale wanaoweza kuchomelea bomba la presha, na kazi yao iko kwenye viwanda vya shaba na kobalti kuelekea Likasi, Fungurume na Kolwezi. Huko fundi haulizwi lisanse (shahada ya chuo kikuu). Anapewa bomba, anaambiwa achome.

Mtihani wenyewe unaitwa 6G. Bomba, mara nyingi la inchi 6, linafungwa likiwa limeinama nyuzi 45, na haliguswi tena. Anayezunguka ni wewe: unaanzia chini huku moto ukiwa juu ya uso wako, unapanda ubavuni, unamalizia juu. Kwa kanuni za ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, anayefaulu hapo amehesabiwa mikao yote, ndani ya unene unaolingana na ule aliojaribiwa.

Diploma ya serikali ya ufundi inasaidia, ila si lazima. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964, ina mafunzo ya kuchomelea hapa mjini, na vipo vituo vingine. Popote utakapokwenda, uliza mambo mawili kabla ya kulipa: kila mwanafunzi anachoma bageti (fimbo za kuchomelea) ngapi kwa wiki, na je, kuna mabomba au sahani za chuma tu? Ukikuta watu kumi wamemzunguka mwalimu wanamtazama, utatoka na karatasi bila mkono.

Anza na sahani za mm 10: kulala, kupanda, kisha juu ya kichwa. Zikinyooka, hamia kwenye bomba. Kata kingo kwa nyuzi 30 hadi 37.5 kila upande, acha pua (ncha ya ukingo isiyokatwa mteremko) ya kama mm 1.5, na nafasi ya mm 2.5 hadi 3 kati ya vipande. Nafasi hiyo usiikadirie kwa jicho. Ponda ganda la bageti, kunja waya wake mfano wa V, uutie katikati, piga pointi nne za kushikiza, kisha uchomoe. Saga ncha za kila pointi ziwe nyembamba, maana pointi nene ndipo mzizi, yaani mstari wa kwanza wa ndani, unaposhindwa kuungana.

Mzizi hupigwa kwa bageti aina ya E6010, kujaza na kumalizia kwa E7018. Unapopiga mzizi tazama tundu dogo linalotangulia mbele ya moto. Likiziba, chuma hakipenyi ndani, likipanuka, kinadondoka. Ukimaliza, saga mzizi uondoe mavi ya chuma yaliyojificha pembeni kabla ya kupita mara ya pili. Baadaye jikague mwenyewe: kata kipande cha jointi, kikunje kama U, mzizi ukiwa nje. Ufa unaozidi mm 3 umekuangusha.

Wengi huangushwa na bageti zenyewe. Kuanzia Novemba hadi Machi hewa yetu ina maji, na E7018 huyanywa. Matokeo ni viputo, na hidrojeni inayopasua jointi saa kadhaa baada ya kupoa. Pakiti ikishakaa wazi, ikaushe kwenye oveni ya bageti kwa joto na muda ulioandikwa kwenye boksi, mara nyingi nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili. Kuzianika juani hakusaidii. E6010 usiikaushe hivyo kabisa: ganda lake linahitaji unyevu kidogo ili liwake vizuri.

Umeme nao una hila. Jioni, kila nyumba ikiwasha jiko, volti hushuka, moto unapoa, na fundi anaulaumu mkono wake. Pima volti kwanza. Tena mashine nyingi ndogo za inverta haziwezi kushikilia moto wa E6010, hata umeme ukiwa mzuri.

Hatua inayofuata ni chuma kisichoshika kutu, kwa sababu viwandani shaba hutolewa kwenye mawe kwa asidi ya salfuri, na asidi hiyo hupita mabombani. Hapo ni TIG (kuchomelea kwa sindano ya tungsteni na gesi), na ndani ya bomba lazima kuwe na gesi ya argoni. Bila hiyo upande wa ndani hutoka mweusi, wa chengachenga kama sukari iliyoungua, na asidi huanzia hapo hapo kula. Na ukirudi kwenye mageti ya mabati, yaani chuma kilichopakwa zinki, fungua milango hewa ipite. Kunywa maziwa hakufuti moshi wa zinki.

Cheti cha 6G hulala ukikaa zaidi ya miezi 6 bila kuchoma kwa njia ile ile, kwa hiyo omba kila mwajiri akuandikie tarehe za kazi.

Kazi nyingi hupitia kwa kampuni za sutretansi (zinazofanya kazi kwa niaba ya kampuni kubwa), ambazo sheria namba 17/001 ya 8 Februari 2017 imezitengea Wakongomani. Jointi huhesabiwa kwa inchi: moja ya bomba la inchi 6 ni inchi 6. Kabla ya kusaini, uliza kama wanalipa kwa siku au kwa inchi, na jointi ikikataliwa na picha ya eksirei, saa za kuirudia ni za nani. Jibu liandikwe ndani ya kontra (mkataba).