Redio ya dishi bila kuwasha TV

Kama una king'amuzi cha dishi, redio ya setilaiti unayo tayari. Chomeka waya wa AV nyuma ya king'amuzi, pini nyekundu na nyeupe, upande wa pili uende kwenye sabufa. Ya njano iache ining'inie, hiyo ni ya picha. Bonyeza TV/R kwenye rimoti (vingine redio zimo kwenye menyu), chagua stesheni, zima TV. Sauti inatoka kwenye king'amuzi chenyewe, na mikwaruzo ya FM husikii. Kubadili stesheni bila kioo ndiyo kero, kwa hiyo andika namba zake pembeni. Mvua kubwa itakata sauti, hasa kwa madishi madogo. King'amuzi chenye tundu la HDMI tu, bila matundu ya AV, waya huu sahau.