SOMO: Umeme umekata usiku, unatembeaje ndani bila kujigonga

Wakuu habari za muda huu. Umeme ukikata saa tatu usiku mtaani kwetu cha kwanza unasikia "aaaah" ya nyumba zote kwa pamoja, cha pili unasikia mtu kagonga kitu, cha tatu matusi. Najua mtasema tochi ya simu ipo. Ipo ndio, ila simu ina chaji asilimia mbili, au iko sebuleni kwenye kochi, au dogo kalala nayo chumba cha pili, na hapo ndo somo linapoanzia.

Haya ninayoandika nimeyatoa kwa baba mdogo wangu wa Temeke, haoni tangu ujana wake na nyumba yake anaizunguka kuliko mimi, chai anajimiminia, geti anafungua mwenyewe. Yeye alifundishwa. Wasioona wana mafunzo kabisa ya kutembea, na fimbo nyeupe ile ndefu ya kupapasa kushoto kulia ilipata mtindo wake kule Marekani kwenye hospitali ya jeshi ya Valley Forge, wakati wa Vita Kuu ya Pili, jamaa mmoja anaitwa Richard Hoover akiwafundisha wanajeshi waliopofuka vitani. Sasa sisi tunaoona tukizimiwa taa tunakuwa wageni kwenye nyumba zetu wenyewe, kwahiyo tuazime kwao.

HATUA YA 1: SIMAMA HAPOHAPO

Taa ikizima usiondoke. Wengi wanaumia kwenye zile sekunde za mwanzo sababu mtu anaanza kukimbilia simu huku macho bado yana mwanga wa taa iliyozimika. Jicho lina seli za aina mbili, za mwanga mkali na rangi, na za giza, na hizi za giza zinachelewa kuamka, mpaka ziwe zimeamka vizuri inaweza kufika nusu saa. Ila huhitaji nusu saa, ukitulia dakika chache tu utaanza kuona dirisha, afu kochi, afu mlango.

Vitu viwili hapa watu hawavijui. Kwanza ukiwasha kioo cha simu ukakikodolea hata kidogo, ile kazi yote ya macho imerudi nyuma unaanza upya, kwahiyo kama unaitaka simu punguza mwanga mpaka mwisho na uigeuzie chini. Mwanga mwekundu ndo hausumbui sana macho ya usiku. Pili, katikati kabisa ya jicho hakuna zile seli za giza, ziko pembeni. Maana yake ukitaka kuiona stuli gizani usiikazie macho, angalia pembeni yake kidogo, itajitokeza. Jaribuni leo usiku mtaniambia.

HATUA YA 2: TAFUTA UKUTA

Usikate katikati ya chumba. Nenda ukutani ufuate ukuta mpaka unakoenda hata kama ni kuzunguka. Mkono ulio upande wa ukuta unautanguliza mbele kidogo, usawa wa kiuno, na unagusa kwa mgongo wa vidole, kile kidogo na cha pete, vidole umevikunja kidogo sio umevinyoosha. Kwanini mgongo? Sababu ukinyoosha vidole ukakutana na fremu ya mlango au msumari wa kutundikia kalenda vinavunjika au vinachanika, ila vikiwa vimekunjwa vinateleza tu vinapita.

Hapa niongee na wapangaji wenzangu. Soketi iliyochomoka ukutani waya uko nje, ile mnayoiambia "usiguse hapo" kila mgeni akija, fundi aje kabla hujafanya zoezi lolote. Umeme ukirudi na mkono wako uko pale hakuna somo tena.

HATUA YA 3: MKONO WA PILI ULINDE USO

Adui mkubwa gizani sio meza jamani, ni mlango ulioachwa nusu wazi. Watu wananyoosha mikono miwili mbele kama mizimu ya kwenye muvi, sasa ukingo wa mlango umesimama wima, unapita katikati ya mikono yote miwili unakuja kukupokea kwenye paji la uso. Nyusi inapasuka hivihivi.

Dawa yake: nyanyua mkono mmoja usawa wa bega, kunja kiwiko, mkono upite mbele ya uso kwa mshazari, kiganja kikiangalia mbele, ncha za vidole zipite kidogo bega la upande wa pili. Usiubane usoni, uache mbali kidogo upate nafasi ya kusimama ukigusa kitu. Huo unakulinda na mlango, kabati la jikoni lililoachwa wazi, dirisha linalofungukia ndani. Kama unajua mbele kuna meza au kitanda, ule mkono wa ukutani ushushe mbele ya mapaja, kiganja kikuangalie wewe, ugote meza kwa mkono na sio kwa ile sehemu (wanaume wananielewa).

HATUA YA 4: MIGUU

Usinyanyue miguu juu, isogeze karibu na sakafu, uzito ubaki mguu wa nyuma mpaka wa mbele uwe umethibitisha pako salama. Kandambili iliyolegea ni hatari, inanasa kwenye ukingo wa kapeti au inateleza kwenye tailizi zenye maji, bora peku kama ni ndani na hakuna kilichovunjika. Kikivunjika glasi au chupa usitembee kabisa, ita mtu mwenye taa.

Ngazi: shika reli au ukuta, mguu wa nyuma ubaki umebana kwenye ngazi. Hesabu ngazi zako mchana uzijue kabisa, wanaokaa ghorofani wanajua kwamba anayeanguka mara nyingi anaangukia ngazi ya mwisho, alidhani ameshafika chini.

HATUA YA 5: KUVUKA SEHEMU ISIYO NA UKUTA

Mfano unataka kutoka ukuta huu uende mlango wa mbele yako, katikati ni wazi. Geuka, weka mgongo na visigino vyote viwili kwenye ukuta, vikigusa sawasawa maana yake uso wako unaangalia mbele kwa kunyooka, ndo utembee. Ukianza umekaa upande unaishia kwenye TV. Nyumba zetu za Kiswahili hapa zimetusaidia sana, korido moja katikati vyumba huku na huku na uani kwa nyuma, ukishaipata korido umemaliza, hesabu milango tu.

Kitu kikidondoka: simama, sikiliza kimetua wapi, kielekee, afu CHUCHUMAA mkono ukiwa mbele ya uso. Usiiname kwa kiuno, kona ya meza iko palepale inakusubiri. Papasa kwa kuzungusha mkono, duara dogo kwanza unaongeza.

HATUA YA 6: KAZI YA MCHANA

Hii ndo kubwa kuliko zote na ndo watu wanairuka. Baba mdogo kwake kuna sheria moja, ukitoa kitu unakirudisha ulipokitoa, na mlango ama umefunguka wote umegusa ukuta ama umefungwa, hakuna nusu. Mtu akiacha ndoo katikati ya korido kwake anasemwa wiki nzima, na ana haki.

Kwahiyo kabla ya kulala: viti viingie chini ya meza, ndoo za maji zipangwe upande mmoja wa ukuta, jiko la mkaa lisiwe njiani hata kama unadhani limepoa, waya wa ekstensheni usikatize mlango. Funguo za geti na mlango ziwe na msumari wao, kila siku hapohapo. Nyumba zetu hizi madirisha yana nondo, moto ukitokea njia ni mlango tu, na funguo ikiwa kwenye mfuko wa suruali iliyotundikwa sijui wapi mtakoma. Ile ya mlango wa kutokea ifunge mpira wa kufungia hela uitambue kwa vidole. Stika za kung'aa gizani zinasaidia, ila lazima zipate mwanga kabla, ukizibandika kona isiyofika taa hazing'ai kitu.

Afu fanya zoezi. Mchana, funga macho kwa kanga, mtu awe pembeni yako, toka kitandani mpaka chooni na kurudi. Utagundua kwanza chumba chako hukijui.

MUHIMU: ukiamka gizani ukasikia harufu ya gesi usiwashe taa, usiwashe kiberiti, usiguse swichi yoyote. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa inakaa chini, fungua milango na madirisha, funga mtungi kama unaufikia, tokeni nje. Kukiwa na moshi tambaa, hewa safi iko chini, na mlango uliofungwa uguse kwanza kwa mgongo wa mkono, ukiwa wa moto usiufungue. Zimamoto ni 114, mkishatoka nje ndo mpige.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Mbagala: Asante kaka. Choo chetu kiko uani na mtoto wa miaka sita anaamka usiku, nifanyeje?

Dada yangu mtoto wa miaka sita asiende uani peke yake gizani, muwekee kopo lake ndani au akuamshe. Ila uani penyewe kuna kitu naomba ukiangalie: kamba ya kuanikia nguo. Usiku haionekani na imefungwa usawa wa shingo ya mtu mzima. Ifungue jioni, au kama ni ya wapangaji wote tundika kitambaa cheupe katikati yake. Na shimo la maji machafu lifunikwe kwa kitu kizito, sio bati.

Boda wa Kigogo: Mkuu mimi pikipiki nalaza kwenye korido, nje wataondoka nayo. Wenzangu wananilalamikia.

Wana haki ndugu yangu lakini na wewe una haki. Ilaze upande uleule kila siku, hata wewe ukichelewa kurudi isibadilike, usukani uugeuzie ukutani na ekzosi ikae upande wa ukuta sababu inachoma watoto ikiwa bado ya moto. Na mtu asipite hapo na kibatari wala mshumaa, kuna petroli hapo.

Mdau: Yote haya ya nini si ununue inveta tu?

Nunua mkuu, na mimi ukinikumbuka.

Mama wawili, Tandika: Sisi tunatumia mshumaa, ndo uwezo uliopo.

Sawa mama, ila usiubandike juu ya TV wala kwenye kiti cha plastiki. Weka kwenye sahani ya bati au bakuli lenye maji kidogo chini, mbali na pazia na chandarua, chandarua kikishika moto ni sekunde. Na uzime kabla hujalala, sio ukishasinzia. Kama una tochi hata ya simu ya kitochi, ilaze inaangalia juu afu simamisha chupa ya maji safi juu yake, mwanga unasambaa chumba kizima, mtakula vizuri tu.

Kijana wa Kimara: Bibi yangu mchana anaona poa, ikifika magharibi tu anaanza kupapasa, hata umeme ukiwepo. Hizi mbinu zitamfaa?

Zitamfaa ila usiishie kwenye mbinu, mpeleke bibi akapimwe macho, CCBRT Msasani au Muhimbili au hospitali yoyote yenye kliniki ya macho. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, na huo unatibika kwa upasuaji, inaweza kuwa upungufu wa vitamini A, inaweza kuwa kitu kingine, hatuwezi kujua humu. Na umri nao unachangia, mboni ya mzee haifunguki sana kama yako kwahiyo anahitaji taa kali zaidi yako. Mkimuongoza msimshike mkono mkamvuta wala kumsukuma mgongoni, yeye akushike wewe juu kidogo ya kiwiko, utangulie nusu hatua, mwili wako utamwambia kuna ngazi kabla hujasema. Na akiamka usiku akae kwanza ukingoni mwa kitanda miguu chini, asisimame ghafla, kizunguzungu kinamwangusha.

Mpangaji wa Manzese: Luku yetu iko kwenye korido na ikiisha inaisha saa nane usiku, mimi ndo naingiza namba. Nikiwasha tochi watoto wa jirani wanaamka. Kuna njia?

Ipo. Kwanza namba zote 20 zisome chumbani kwako uziandike kwa tarakimu kubwa kwenye karatasi, nne nne. Simu ya kitochi kitufe cha 5 kina kinundu, na mita nyingi vitufe vimepangwa vilevile, papasa yako mchana uone kama nayo ina kinundu, kama haina bandika tone la gundi juu ya 5 likauke. Hapo kidole cha kati kikikaa kwenye 5 unajua 2 iko juu, 8 iko chini, 4 na 6 kushoto na kulia. Mwanga wa kusoma karatasi funika tochi yote kwa kidole, utatoka mwekundu kupitia nyama ya kidole, hauamshi mtu. Afu mwambie mwenye zamu ya kuchangia mwezi huu anunue kabla ya saa nane.