Somo: Kuendesha mchango wa sare na madaftari kwa kundi la skauti, hatua kwa hatua

Kila mwaka, mnada wa kwanza wa korosho ukishatangazwa, simu yangu huanza kupokea swali lilelile kutoka kwa viongozi wa skauti na vikundi vya vijana wa Newala, Tandahimba na Masasi: tunauanzaje mchango wa kuwasaidia watoto wasio na sare? Nimelijibu kwa ujumbe, nimelijibu msibani, na mwaka jana nililijibu kando ya barabara nikiwa na gunia begani. Sasa ninaliandika mara moja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Wapo wanaoshangaa kwa nini tunachangisha wakati elimu ni bure. Tangu mwaka 2016 shule za umma hazitozi ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi cha sita, lakini sare, madaftari na kalamu vimebaki juu ya mzazi, na mjukuu wa bibi mwenye wajukuu wanne ndiye anayekosa wiki za mwanzo za Januari kwa kuona haya ya shati lililotoboka mgongoni.

Hatua ya 1. Mjulishe kamishna wa skauti wa wilaya. Kikundi kisicho cha skauti kimjulishe afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Hatua ya 2. Mwandikieni barua mwenyekiti wa kijiji au mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa mwalimu mkuu. Itaje mambo manne: mnachangisha nini, kwa ajili ya nani, kuanzia lini hadi lini, na ni watu gani wawili watakaopokea fedha. Mkikusudia matembezi ya hisani barabarani, polisi wapewe taarifa kwa maandishi angalau saa 48 kabla.

Hatua ya 3. Tengenezeni orodha ya watoto pamoja na walimu na wajumbe, kisha orodha hiyo ifungiwe. Haisomwi mkutanoni wala haibandikwi popote, kwa sababu mtoto akishaitwa jina lake mbele ya kijiji kuwa ni maskini, sare mtakayompa atakuwa ameilipia ghali.

Hatua ya 4. Tenganisheni fedha na ahadi. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu na ninaomba msipaharakie. Huku kwetu mkulima hupeleka korosho zake chama cha msingi cha ushirika, zikapimwa, zikasafirishwa hadi ghala kuu, zikauzwa mnadani, na fedha ikamwingilia baadaye baada ya makato. Siku ya kupima si siku ya kulipwa, na katikati ya siku hizo mbili kila mtu ni tajiri mdomoni. Katika msimu wetu wa pili tulipita na daftari, watu wakatuandikia ahadi za shilingi 1,150,000, huku fedha taslimu tuliyokuwa nayo mkononi ikiwa 240,000 tu. Nikalibeba daftari kwapani kama hundi ya benki, nikaenda dukani, nikachukua sare 30 na maboksi ya madaftari, jumla shilingi 900,000, nikalipa kilichokuwepo na kuacha deni la 660,000. Malipo ya korosho yakachelewa, na yalipofika yalikuta kila nyumba ina madeni yake: mabati, msiba, nauli ya mtoto aliyechaguliwa kwenda bwenini. Katika ahadi zote zile tulipata 310,000. Deni lililobaki, shilingi 350,000, nilililipa mimi kidogo kidogo hadi Agosti, na kwa miezi yote hiyo nilikuwa nikifika usawa wa duka lile ninavuka barabara, ingawa mwenye duka hakuwahi kunidai kwa sauti.

Kwa hiyo, muwe na madaftari mawili, moja la fedha iliyopokelewa na jingine la ahadi, na msinunue hata kalamu moja kwa kutegemea la pili. Msisome ahadi hadharani, kwa maana jirani akisikia mwenzake ametaja elfu hamsini hutaja sitini ambazo hana. Na msipokee korosho ghafi mlangoni kwa mtu, hata akisema ni kilo mbili tu za sadaka: kundi la vijana linalozunguka na magunia ya korosho nje ya chama cha msingi litahesabiwa kuwa ni la kangomba, yaani wanunuzi haramu wa korosho, na hakuna skafu itakayowatetea. Mwenye nia auze kwa utaratibu, kisha alete fedha.

Hatua ya 5. Fedha ipokelewe na watu wawili, itolewe stakabadhi yenye nakala, iwekwe kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu.

Hatua ya 6. Pimeni watoto kabla ya kununua. Tunamwomba fundi cherehani aje shuleni na tepu yake, na tunamwagiza aache upindo wa vidole vitatu chini ya sketi na kaptula, kwa sababu mtoto aliyepimwa Novemba si yule atakayevaa mwezi wa saba. Kushonesha kwa fundi wa hapahapa huchukua siku nyingi kuliko kununua zilizoshonwa tayari, lakini nguo inadumu, na fedha ya mchango inabaki kijijini.

Hatua ya 7. Gaweni jioni, nyumbani kwa mtoto, bila kupiga picha ya uso wake.

Hatua ya 8. Bandikeni taarifa ya ukurasa mmoja kwenye ubao wa kijiji: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Majina ya watoto yasiwepo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Masasi): Kaka, nitumie mfano wa barua, nina haraka.

Jibu: Mambo manne ya barua yamo kwenye hatua ya 2. Yaandike, weka tarehe na saini. Barua ni hiyo.

Swali (Tandahimba): Mimi ninaaminika sana kijijini kwetu. Kuna ubaya gani michango ikiingia kwenye namba yangu ya simu?

Jibu: Sijasema huaminiki. Simu ikizama kisimani, au ukilazwa, au mkeo akatoa elfu kumi ya unga bila kujua ni ya nani, utaeleza nini? Hatua ya 5 inamlinda mpokeaji kabla haijamlinda mchangaji.

Swali (Mtwara mjini): Shikamoo mwalimu. Sisi tuko karibu na pwani, watu wetu ni wavuvi na watumishi, korosho hatuna. Tupite lini?

Jibu: Marahaba, mwanangu, umeuliza jambo ambalo somo langu limelipita. Watumishi mnawajua, piteni siku mbili tatu baada ya mshahara. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hutegemea giza, kwa kuwa mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti samaki, kwa hiyo siku za mbalamwezi wengi wao hukaa nchi kavu wakishona nyavu na mfuko ukiwa mwepesi. Piteni siku za giza zinapokaribia kwisha, wakiwa wameshauza. Ila waulizeni wenyewe kwanza, maana mwenye mshipi na mwenye wavu wa jarife hawafuati kalenda moja. Kwenu ninyi mchango mdogo wa kila mwezi unaweza kufaa kuliko mkubwa wa mara moja kwa mwaka.

Swali (Newala): Ahadi zikiandikwa mbele ya mwenyekiti na mtu akatia saini, hapo je, tunaweza kukopa dukani?

Jibu: Hapana. Saini haiharakishi mnada. Rudi hatua ya 4, usome hadi mwisho.

Swali (Nachingwea): Kikundi chetu cha vijana kinaweza kutumia mkopo unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri kununulia sare, halafu tukarudisha kwa michango?

Jibu: Ule ni mkopo, ingawa hauna riba. Asilimia nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu, na lengo lake ni shughuli inayozalisha. Sare ya msaada haizalishi. Ukiirudisha kwa michango, umeingia kwenye shimo langu kwa mlango mwingine. Mkikopa kwa ajili ya cherehani na mkapata kazi za kushona, hilo ni jambo jingine kabisa.

Swali (Lindi): Nimesoma yote na nimejifunza mengi, ahsante. Ninachojiuliza ni kwamba kazi nyingi hapa zinafanywa na watu wazima. Skauti wenyewe wanafanya nini, na tunaepukaje kuwageuza watoto kuwa ombaomba?

Jibu: Dada, swali hili ningependa kila kiongozi alibebe kabla ya kuandika barua. Kwetu mtoto hashiki fedha na hagongi mlango peke yake: wanakwenda wawili wawili na mtu mzima, na hawapiti usiku. Kazi yao ni hesabu. Baden-Powell alipowapeleka vijana kambini Brownsea mwaka 1907 aliwagawa katika vikosi vidogo, kila kimoja na kiongozi wake kijana, na sisi tunafuata mtindo huohuo: kikosi kimoja kinahesabu bidhaa zikifika, kingine kinafunga mafurushi, kingine kinaandika taarifa ya ubaoni ambayo mimi naisaini tu. Mwaka juzi binti wa darasa la sita aliyekuwa akihesabu kwa sauti alisimama akasema bunda lile lina madaftari kumi na moja. Nikamwambia ahesabu tena, kwa kuwa bunda ni dazani. Akahesabu, kumi na moja. Tukafungua mengine, matatu yalipungua vilevile, na dukani tulirudishiwa. Mimi ningeyapokea yote kwa kuangalia karatasi ya juu. Tangu siku hiyo hakuna bunda linaloingia stoo kabla kikosi chake hakijalifungua.

Swali (Tandahimba): Na mkishanunua madaftari Desemba mnayahifadhije hadi Januari? Yetu yaliliwa na mchwa.

Jibu: Yetu pia, msimu wa kwanza, maboksi mawili yaliyogusa ukuta. Sasa tunayapanga juu ya benchi, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupitisha mkono, na miguu ya benchi tunaipaka oili chafu ya pikipiki tunayopewa na mafundi. Juu tunafunika nailoni, kwa sababu mvua nazo huwa zimeanza na bati la stoo yetu linavuja. Skauti mmoja ana zamu ya kuchungulia chini ya benchi kila Jumamosi, na akiona njia ya udongo imeanza kupanda kwenye mguu, anaikwangua na kupaka tena.