Tarehe za Disney: namna ya kuziandaa usibishiwe

Mimi huandaa maswali ya chemsha bongo, na hakuna mada inayoniletea ubishi kama historia ya kampuni ya Walt Disney. Kila mtu amewahi kuona angalau katuni yao moja, kwa hiyo kila mtu anajiona mtaalamu. Ukitaja tarehe, kuna mshiriki atasimama na ya kwake, na mara nyingi nyote wawili mko sahihi. Tukio moja la kampuni hii huwa na tarehe mbili au tatu: siku ya saini, siku ya tangazo, siku ya waalikwa, siku ya watu wote. Kama unataka kuandaa orodha ya tarehe zake, iwe ya mashindano, ya gazeti la ukutani au ya kipindi cha redio, mimi hufanya hivi.

Usianze na tarehe, anza na kitenzi. Chukua kadi, andika kilichotendeka kwa kitenzi kisicho na utata: alisaini, ilionyeshwa, ilifunguliwa, ilinunuliwa. Kisha andika ni wapi, kisha mbele ya nani. Tarehe iwe ya mwisho. "Ilianza" na "ilizinduliwa" nimeyapiga marufuku kwenye kadi zangu, maana yanafunika mambo matano kwa mpigo.

Tuchukue kuzaliwa kwa kampuni yenyewe. Kadi yangu inasema: Walt Disney alisaini mkataba na Margaret Winkler, msambazaji wa filamu wa New York, wa kutengeneza mfululizo wa filamu fupi za Alice, msichana wa kweli anayeingia kwenye ulimwengu wa katuni, 16 Oktoba 1923. Walt alikuwa na miezi michache tu Los Angeles, baada ya kampuni yake ya Kansas City, Laugh-O-gram, kufilisika. Alishirikiana na kaka yake Roy, wakajiita Disney Brothers Cartoon Studio. Hakuna utepe uliokatwa siku hiyo. Kampuni imeamua kuihesabu saini kuwa ndiyo kuzaliwa kwake, na ndiyo maana miaka 100 iliadhimishwa 16 Oktoba 2023.

Jina hilo nalo lina kadi zake. Ndugu hao walipohamia Hyperion Avenue mwaka 1926, studio ikawa ya Walt peke yake kwa jina. Mwaka 1929 ikawa Walt Disney Productions, na The Walt Disney Company imekuja 1986. Kwa hiyo ukiandika kwamba "The Walt Disney Company ilitoa filamu fulani mwaka 1937", umempa mbishi kitu cha kushika. Mimi huandika "Disney" tu, hadi swali linapohusu jina lenyewe.

Sasa twende kwa Mickey Mouse, maana hapo ndipo kelele zinapoanzia. Siku yake rasmi ya kuzaliwa ni 18 Novemba 1928, siku ambayo Steamboat Willie ilionyeshwa Colony Theatre, New York. Lakini haikuwa katuni yake ya kwanza kutengenezwa. Plane Crazy ilikuwa imeshaonyeshwa kwa majaribio 15 Mei 1928, bila sauti, na haikupata msambazaji. Ilikuja kutoka ikiwa na sauti mwaka 1929. Kwa hiyo mshiriki akisema "Mickey alionekana Mei", hajakosea, ila anajibu swali lingine. Hata kampuni yenyewe iliwahi kusherehekea siku hiyo kwa tarehe tofauti tofauti, mpaka Dave Smith, mtu aliyeanzisha idara yao ya kumbukumbu mwaka 1970, alipoisimamisha kwenye onyesho la Colony. Huyo bwana namheshimu sana.

Na usikubali swali linalosema Mickey ndiye mhusika wao wa kwanza. Kabla yake alikuwepo sungura Oswald, aliyetoka 1927. Haki zake zilikuwa za kampuni ya filamu ya Universal, na Walt alimpoteza mwaka 1928 kwenye mvutano wa malipo na Charles Mintz, mume wa Margaret Winkler. Oswald alirudi Disney mwaka 2006, katika makubaliano yaliyomruhusu mtangazaji wa michezo Al Michaels kuhamia televisheni ya NBC, iliyokuwa na mmiliki mmoja na Universal. Sungura wa katuni kubadilishwa na mtangazaji wa mpira! Swali hilo hupendwa kila mara, na halina ubishi.

Ukiwa na Colony Theatre kwenye kadi, ongeza mstari wa pili: jengo hilohilo, likiitwa tayari Broadway Theatre, ndimo ilimoonyeshwa Fantasia kwa mara ya kwanza 13 Novemba 1940. Ndiyo faida ya kuandika mahali. Kadi mbili zilizokuwa mbalimbali zinakutana, nawe unapata swali ambalo halijaulizwa na kila mtu.

Kwa filamu ndefu, tenganisha onyesho la kwanza na siku ya kusambazwa sinema zote. Snow White and the Seven Dwarfs ilionyeshwa Carthay Circle Theatre, Los Angeles, 21 Desemba 1937. Ilisambazwa sinema za Marekani nzima kuanzia 4 Februari 1938. Mwenye kusema 1937 na mwenye kusema 1938 wote wana ushahidi. Tena kuna tarehe ya tatu: tuzo maalumu ya Oscar, sanamu moja kubwa na saba ndogo, Walt alikabidhiwa na mtoto Shirley Temple Februari 1939. Mimi huuliza, "Snow White ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mbele ya watazamaji mwezi gani?" na hapo jibu ni moja tu.

Kadi ninayoipenda kuliko zote ni ya Disneyland, bustani yao ya burudani, na nitakuonyesha ilivyoandikwa:

"Ilifunguliwa kwa waalikwa na waandishi wa habari, ikarushwa moja kwa moja na televisheni ya ABC. Anaheim, California. Jumapili, 17 Julai 1955. / Ilifunguliwa kwa umma wenye tiketi. Hapohapo. Jumatatu, 18 Julai 1955."

Mkwaju (/) wa katikati ndio unaobeba kadi nzima. Tarehe 17 walialikwa watu maalumu, ila tiketi za kughushi zilizagaa na umati ukafurika. Joto lilikuwa kali, lami iliyomwagwa karibuni ikawa laini hadi visigino vya akina mama vikazama. Mgomo wa mafundi bomba ulikuwa umechelewesha kazi, kwa hiyo mabomba ya maji ya kunywa hayakutosha. Watangazaji kwenye televisheni walikuwa Art Linkletter, Bob Cummings na Ronald Reagan, huyohuyo aliyekuja kuwa rais. Kesho yake ndipo mwananchi wa kawaida alipoingia kwa kununua tiketi, ingawa tiketi namba 1 ilikuwa imeshanunuliwa na Roy kwa dola 1. Kampuni husherehekea tarehe 17. Ukiuliza "ilifunguliwa lini" bila kusema kwa nani, jiandae kutoa alama kwa wote wawili.

Florida ina mtego wa aina hiyohiyo. Bustani ya Walt Disney World ilifungua milango 1 Oktoba 1971, lakini Roy aliiweka wakfu 25 Oktoba, akisisitiza jina la mdogo wake liwemo kamili. Walt mwenyewe hakuiona. Alifariki 15 Desemba 1966, siku 10 baada ya kutimiza miaka 65. Roy naye alifariki 20 Desemba 1971. Kwenye daftari langu kadi hizi nne nazibana kwa klipu moja, maana mtu akiuliza moja atauliza na nyingine.

Ununuzi wa kampuni nyingine hauna utamu wa kusimulia, ila una kanuni rahisi: andika tarehe ya kutangazwa na ya kukamilika, na usiruhusu moja itembee bila mwenzake. Pixar ilitangazwa 24 Januari 2006, ikakamilika 5 Mei mwaka huohuo. Marvel, 31 Agosti 2009, kisha 31 Desemba. Lucasfilm, 30 Oktoba 2012, kisha 21 Desemba. Fox ndiyo iliyovuka miaka: Disney ilitangaza kuinunua 14 Desemba 2017 na haikuwa yake mpaka 20 Machi 2019. ABC vilevile, 1995 kwa tangazo na 1996 kwa kukamilika.

Kabla kadi haijaingia kwenye kisanduku, ipitishe kwenye ukaguzi wa aina mbili. Kwanza, mpangilio wa Kimarekani, unaotanguliza mwezi. Ukikuta 4/12/1992 kwenye chanzo cha Marekani, hiyo ni 12 Aprili, siku ilipofunguliwa Euro Disney karibu na Paris, wala si 4 Desemba. Walt alizaliwa Chicago 12/5/1901 kwa maandishi yao, yaani 5 Desemba, na nimeona mahali pengi wakimzalisha Mei. Disney+, huduma yao ya filamu mtandaoni, ilianza kupatikana Marekani, Kanada na Uholanzi 11/12/2019, ambayo ni 12 Novemba. Hatari ipo pale namba zote mbili zinapokuwa 12 au chini yake. Bustani ya Tokyo, 4/15/1983, haiwezi kukudanganya kwa sababu hakuna mwezi wa 15.

Pili, siku ya wiki. Chanzo kikisema bustani ilifunguliwa Jumapili, fungua kalenda ya mwaka huo kwenye simu uone kama inakubali. Siku na tarehe zisipopatana, mojawapo ni ya kunakiliwa vibaya, na mara nyingi ndivyo utakavyogundua kwamba kurasa tano ulizodhani zinathibitishana zimenakili kosa la ukurasa mmoja. Kadi ya namna hiyo mimi huikunja pembe na kuiweka kando hadi nipate gazeti la siku zile au tamko la kampuni.

Kuna kishawishi cha kuweka kwenye orodha sherehe tupu. Kijitabu cha kampuni yoyote kitakupa ufunguzi na tuzo. Wewe ongeza 29 Mei 1941, wachoraji wa katuni walipogoma kudai chama chao kitambuliwe, mgomo ulioendelea kwa wiki kadhaa na kuacha uchungu wa miaka. Ongeza pia 3 Aprili 1994, ajali ya helikopta ilipomuua Frank Wells, rais wa kampuni aliyekuwa bega kwa bega na mwenyekiti wake, Michael Eisner, tangu 1984. Eisner mwenyewe ndiye anayekumbukwa na wengi. Na ongeza 1 Januari 2024, hakimiliki ya Steamboat Willie ilipomalizika Marekani. Hii ya mwisho iandike kwa uangalifu: kilichoachiwa huru ni katuni ile na Mickey wa sura ile ya mwaka 1928. Mickey wa baadaye, mwenye glavu nyeupe na kaptura nyekundu, hakuwemo humo, na jina lake bado ni alama ya biashara. Mshiriki akidai kwamba "Mickey sasa ni wa bure", mnyime alama na umsomee kadi yote.

Ukifika wakati wa kutunga swali, nakili kitenzi na mahali kutoka kwenye kadi kama vilivyo. Badala ya "Disneyland ilianza lini?" uliza "Disneyland ya California ilifungua milango kwa umma tarehe ngapi Julai 1955?" Swali ni refu kidogo, na msomaji wa maswali atanung'unika. Mwache anung'unike.