SOMO: Seva inasema diski imejaa. Fuata hatua hizi kabla hujafuta chochote

Wakuu, haipiti wiki bila mtu kuweka hapa picha ya teminali yenye maneno `No space left on device`, na chini yake "msaada wa haraka jamani". Anasaidiwa, anashukuru, kesho anakuja mwingine na picha ileile. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki ya uzi huu na kuendelea na kazi zangu.

Mifano ni ya Debian na Ubuntu, ila karibu kila amri hapa inafanya kazi kwenye Linux yoyote.

Sharti ni moja: usifute kitu mpaka umefika hatua ya 4. Najua mkono unawasha.

Hatua ya 1: Jua kilichojaa ni kipi.
`df -h`. Tazama safu ya mwisho: ni `/`, `/var`, `/boot` au kingine? Zile `/dev/loop` za snap (vifurushi vya programu vya Ubuntu) huonyesha 100% siku zote, ndivyo zilivyo, ziache.

Hatua ya 2: `df -i`.
Watu wanairuka hii halafu wanasema Linux ina uchawi. Kila faili hutumia inodi moja (rekodi ya mfumo wa faili kuhusu faili hilo), na kwenye ext4 (mfumo wa faili wa kawaida wa Linux) idadi ya inodi hupangwa siku diski inapofomatiwa. Ukiwa na mamilioni ya faili za baiti chache (sesheni za PHP ambazo hakuna anayezisafisha, au foleni ya barua pepe zilizokwama), inodi zinaisha huku nafasi ikiwa tele. Kosa linalotokea ni lilelile, "hakuna nafasi". Ukiona IUse% imefika 100, tafuta saraka yenye msongamano:

`sudo du --inodes -x / | sort -n | tail`

Hatua ya 3: Nani anakula nafasi?
`sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h`
Ingia kwenye saraka kubwa kuliko zote, rudia. Hiyo `-x` usiisahau, bila hiyo `du` itazunguka hadi kwenye diski nyingine zilizomauntiwa (zilizounganishwa kwenye saraka fulani) na utapata hesabu isiyo na maana.

Hatua ya 4: `df` na `du` hazikubaliani.
Hii nimewahi kuumia nayo, kwa hiyo vumilia maelezo marefu.

Hali iko hivi: `df` inasema zimetumika GB 98, `du` inajumlisha inapata 59. Zile 39 ziko wapi? Mara nyingi kuna mtu aliyeona faili kubwa la logi akalipiga `rm`. Sasa, `rm` haifuti data. Inaondoa jina kwenye saraka. Data yenyewe kerneli (kiini cha Linux) huiachia pale tu ambapo hakuna jina lililobaki NA hakuna programu iliyolifungua faili hilo. Programu yako bado imelishika, bado inaliandikia, na wewe huna tena jina la kulitafutia. `du` hupita kwenye majina, kwa hiyo hailioni. `df` huuliza mfumo wa faili wenyewe, kwa hiyo inaliona.

Liibue hivi: `sudo lsof +L1`

Utapata mistari ya namna hii:

`java 2217 app 14w REG 253,0 41875931136 0 1835 /var/log/app/app.log (deleted)`

Isome taratibu. Programu ni java, namba ya mchakato ni 2217, faili limefunguliwa kwa namba 14, hiyo `w` ni kwamba linaandikwa, ukubwa wake ni baiti 41875931136, yaani zile 39 zako, na sifuri inayofuata ni idadi ya majina yaliyobaki. Ukiweza kuristati programu hiyo moja, iristati, nafasi itarudi papo hapo. Kama haiwezi kuzimwa saa hizi, likamue faili (lirudishe kwenye baiti 0) kupitia `/proc`:

`sudo truncate -s 0 /proc/2217/fd/14`

Maonyo, na ninaomba uyasome kabla ya kunakili amri:

Kwanza, si kila `(deleted)` ni takataka. MySQL hufungua mafaili ya muda na kuyaondolea majina kwa makusudi. Ukiyakamua hayo unaikata hifadhidata katikati ya kazi. Gusa logi tu, tena ile unayoijua.

Pili, hakiki namba zote mbili. Ukiandika 15 mahali pa 14, unaweza kukamua data hai, na `truncate` haiulizi "una uhakika?".

Tatu, logi iliyofika ukubwa huo inakueleza kuna kitu kinalia ndani ya programu. Chukua mkia wake kwanza, `sudo tail -c 20M /proc/2217/fd/14`, upeleke kwenye diski nyingine. Ukikamua bila kusoma, utarudi hapa kesho.

Nne, usiristati hifadhidata "labda itasaidia" wakati diski iko 100%. Ikizima, inaweza kukataa kuwaka kwa sababu haina pa kuandika.

Na siku nyingine, faili la logi likiwa limefunguliwa, usilipige `rm`. Tumia `sudo truncate -s 0 jina-la-faili`. Wale wa `sudo echo "" > faili` wakikataliwa ruhusa wasishangae: alama ya `>` inashughulikiwa na sheli yako wewe (programu inayosoma amri unazoandika), sudo haihusiki nayo.

Hatua ya 5: Logi za systemd (inayoendesha huduma za mfumo).
`journalctl --disk-usage`, kisha `sudo journalctl --vacuum-size=200M`. Kuweka kikomo cha kudumu, andika `SystemMaxUse=200M` ndani ya `/etc/systemd/journald.conf` na uristati `systemd-journald`.

Hatua ya 6: `/boot` (panapokaa kerneli) imejaa.
`sudo apt autoremove --purge`. Usifute kerneli kwa `rm`. Kama apt yenyewe imekwama, angalia `uname -r` ujue kerneli unayoitumia sasa, halafu uje uulize ukiwa na matokeo.

Hatua ya 7: Data iliyofunikwa.
Hatua zote hazijazaa kitu? Fikiria hivi: bakapu yako huandika `/mnt/bakapu`. Usiku mmoja ile diski ya nje haikumauntiwa. Skripti haikujua, ikamwaga kila kitu ndani ya saraka tupu iliyo kwenye diski kuu. Asubuhi diski ya nje ikamauntiwa juu yake, na data ile ikafunikwa. Huioni kwa `ls`, huioni kwa `du`, na `lsof` haina la kusema. Funua hivi:

`sudo mkdir /chungulia`
`sudo mount --bind / /chungulia`
`sudo du -sh /chungulia/mnt/bakapu`

Ukimaliza, `sudo umount /chungulia`. Kinga yake ni kuweka mstari huu juu kabisa ya skripti: `mountpoint -q /mnt/bakapu || exit 1`.

Visivyoguswa kwa mkono: `ibdata1` (faili la data) na mafaili ya binlog (rekodi za mabadiliko) ya MySQL (binlog zina amri yake, `PURGE BINARY LOGS`), na saraka ya `pg_wal` (rekodi za mabadiliko pia) ya PostgreSQL. Hiyo ya mwisho zamani iliitwa `pg_xlog`. Toleo la 10 la mwaka 2017 lilibadilisha jina, maana watu walikuwa wakiona "log" wanafuta, na hifadhidata inakufa.

Maswali karibuni, ila tafadhali njoo na matokeo ya amri.

---

MASWALI YA WANACHAMA

kifaa_kipya: Mkuu nimefanya hatua zote lakini bado 100%. Msaada wa haraka seva ya ofisi imesimama

Jibu: Zote zipi? Weka matokeo ya `df -h`, `df -i` na `lsof +L1`.

kifaa_kipya: Hiyo df -i sijafanya, niliona haihusiani

Jibu: Hatua ya 2.

kifaa_kipya: Dah. IUse% 100, `/var/lib/php/sessions` ina faili zaidi ya milioni 3. Ila `rm *` inasema `Argument list too long`

Jibu: Nyota hiyo sheli inaigeuza kuwa majina milioni tatu kwenye amri moja, kerneli inakataa. Tumia `sudo find /var/lib/php/sessions -type f -mmin +1440 -delete`. Hiyo inafuta zenye umri wa zaidi ya saa 24, watumiaji walioingia leo hutawatupa nje. Anza bila `-delete` uone inachokamata. Na iweke mwishoni daima. Ukiitanguliza kabla ya masharti, itafuta kila kitu bila kuyafikia.

mdadisi_wa_mashine: Somo zuri sana mkuu. Swali la kutaka kujua tu: kwa nini wakaunda mfumo uendelee kushika faili ambalo mtu ameshalifuta? Si ingekuwa rahisi likafutika mara moja?

Jibu: Swali kama hili ndilo linanipa hamu ya kuandika. Fikiria unasasisha maktaba kama libssl huku programu kumi zinaitumia. Msimamizi wa vifurushi huweka faili jipya chini ya jina lilelile; programu zinazoendelea hubaki na lile la zamani mpaka zizimwe, na zitakazowashwa baadaye huchukua jipya. Hakuna inayoanguka katikati. Ndiyo maana Linux unaweza kuisasisha ikiwa kazini. Ila kuna upande wa pili: baada ya kuziba tundu la usalama, programu ambayo hujairistati bado inatumia maktaba yenye tundu. Jaribu `sudo lsof | grep DEL | grep '\.so'` baada ya masasisho makubwa uone. Kwenye Debian na Ubuntu kuna kifurushi cha `needrestart` kinachokutajia zinazohitaji kuwashwa upya.

mdadisi_wa_mashine: Nimejaribu, sshd na cron zimo. Asante. Na jingine: nimekamua logi kama ulivyoeleza, `df` imeshuka, lakini dakika moja baadaye `ls -l` inaonyesha lina GB 39 tena!

Jibu: Hilo la `ls` ni faili ambalo hukulifuta, sivyo? Programu yako haikulifungua kwa kuongeza mwishoni, kwa hiyo inakumbuka ilipofikia na inaendelea kuandika kuanzia pale. Huko nyuma pamebaki uwazi ambao hauli diski. Pima kwa `du -h` utaona dogo. Iristati programu ukipata nafasi.

Seva_Moja: Diski yangu ni GB 500, zimetumika 475, Avail inasema 0. Hesabu gani hii? Linux inaiba?

Jibu: Haiibi. Ext4 hutenga 5% kwa ajili ya root (msimamizi mkuu), ili diski ikijaa bado uweze kuingia na kurekebisha. Kwenye diski ya data tupu unaweza kuipunguza: `sudo tune2fs -m 1 /dev/sdb1`, ukiweka jina la diski yako. Kwenye `/` iache kama ilivyo.

kontena_tupu: Kuna sehemu nimesoma niendeshe `docker system prune -a --volumes`, imenirudishia GB 60 dakika moja. Kwa nini usiandike hiyo tu badala ya hatua saba?

Jibu: Kwa sababu amri hiyo ya Docker (programu ya kuendesha kontena) hufuta kila imeji (kiolezo cha kuundia kontena) isiyo na kontena, na kontena zote zilizosimama, pamoja na ile uliyoizima jana ukiwa na nia ya kuirudisha. Volyumu (hifadhi za data za kontena) nazo zinaweza kuondoka na data yako. Ulitazama `docker system df` kwanza?

kontena_tupu: Hapana ila hakuna kilichoharibika

Jibu: Sawa.

nyaya_na_njugu: Nami niongezee kwa wa Docker: mara nyingi tatizo ni logi za kontena ndani ya `/var/lib/docker/containers`. Kwa kawaida hazina kikomo. Weka `max-size` na `max-file` kwenye `/etc/docker/daemon.json`.

Jibu: Umenena. Na mkumbuke kikomo hicho kinazishika kontena zitakazoundwa baada ya hapo. Za zamani mpaka ziundwe upya.

bibi_kerneli: Kwangu kosa ni `No space left on device`, lakini diski iko 40% na inodi 12%. `lsof` safi. Linatokea nikiwasha programu inayofuatilia mabadiliko ya mafaili.

Jibu: Umeleta vipimo vyote, ubarikiwe. Hiyo haihusu diski kabisa. Umemaliza idadi ya mafaili yanayoweza kufuatiliwa kwa inotify (sehemu ya kerneli inayotoa taarifa faili likibadilika), na kerneli hutumia kosa hilohilo. Angalia `sysctl fs.inotify.max_user_watches`. Ongeza: `sudo sysctl fs.inotify.max_user_watches=524288`. Ikikubali, iandike kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/` ibaki hata baada ya kuwasha upya.

bibi_kerneli: Imekubali. Nami nichangie kidogo: huwa naweka faili la akiba, `sudo fallocate -l 1G /akiba`. Diski ikijaa usiku nalifuta hilo, napata pa kupumulia nikitafuta mchawi.

Jibu: Nzuri hiyo, naichukua. Wenye Btrfs (mfumo mwingine wa faili) wasiitegemee sana, kwani huko hata kufuta kunahitaji nafasi kidogo ya kuandika, na `df` yenyewe hupotosha. Watazame `sudo btrfs filesystem usage /`.

haraka_haraka: Wakuu diski yangu imejaa nifanyeje?

nyaya_na_njugu: Panda juu ya uzi ndugu, anza hatua ya 1.

haraka_haraka: Sina muda wa kusoma yote, nipeni amri moja

Jibu: `df -h`. Weka matokeo hapa.